Makofi Mawili Kisogoni

Daktari alipiga meza kwa kiganja, pa! Paka akaruka. Watu waliobanana mlangoni wakaangua kicheko.

"Sasa huyo kiziwi yuko wapi?" akaniuliza. "Mama, umeniletea paka mzima kabisa. Labda nikupime wewe."

Hakuwa daktari hasa. Alikuwa mganga msaidizi wa zahanati yetu pale mjini Musoma, lakini wote tulimwita daktari, na akishasema neno, mtaani halipingwi. Miezi kadhaa nyuma alimpigia binti yangu makofi mawili kisogoni, mtoto akageuka, naye akatamka kwamba anasikia, ana kiburi tu. Tangu siku hiyo mtoto wangu alikuwa anachapwa kwa kosa la kiburi. Sasa nilikuwa nimerudi, mtoto mkononi na paka kwenye kikapu, nimwonyeshe jinsi makofi yanavyodanganya. Na yeye ananipigia meza.

"Hukumpigia paka," nikamwambia. "Umepiga meza. Paka amesimama juu ya meza."

"Amesikia, ameruka."

"Amesikia kwa miguu!"

Wakacheka tena. Mama mmoja aliyebeba mtoto wa surua mgongoni akasema, "Mwacheni jamani, hizi foleni za sabuni zinachanganya watu akili."

Hapo nilipasuka. Nilimnyakua paka nikamweka kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, katikati ya godoro, nikavua kanga yangu ya juu nikaikunja na kumlaza juu yake. Nikangoja. Akatulia, akanipa mgongo, akaanza kulamba mguu. Binti yangu alikuwa dirishani, ametuacha na mambo yetu, anamtazama mbuzi anayekula boksi huko nje. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nikapiga yowe.

Sijawahi kupiga yowe kama lile, hata leba nikijifungua. Daktari alidondosha kalamu. Mtoto wa surua aliamka akilia. Huko nje mtu akaitikia, "Mwizi! Mwizi!" Chumba kizima kiliruka, isipokuwa wawili. Paka aliendelea na mguu wake. Binti yangu aliendelea na mbuzi wake.

Nikadhani daktari ameona. Daktari akainama, akaokota kalamu, akamwita mlinzi. "Mtoe huyu mama nje na paka wake. Hapa ni zahanati, si mnadani."

Nitasema ilivyofika huko, na nitaanza na paka, maana bila paka na mimi ningeendelea kuyaamini makofi.

Tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Mukendo, kwenye nyumba ya mjane mmoja mtu wa Bukima ambaye wapangaji wote tulimwita bibi. Mume wangu alikuwa anafundisha shule ya msingi huko upande wa Butiama, anakuja mwisho wa wiki na unga akiupata, bila unga asipoupata. Ilikuwa miaka ile ambayo sabuni inakuja kwa fununu. Unasikia tu imefika, unaacha ugali jikoni unakimbia kupanga mstari, ukifika mbele imekwisha. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto mmoja, na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Uani kwa bibi kulikuwa na bamba kubwa la jiwe, kama nyumba nyingi za Musoma ambazo zimejengwa zikipenya katikati ya mawe. Juu ya jiwe lile ndiko tulikoanika udaga wa muhogo na dagaa, na juu yake hapo hapo, ukingoni, kinu kilikaa siku zote. Paka wa bibi alizaa ndani ya boksi jikoni, watoto wanne. Watatu walikuwa na mistari kama mama yao. Wa nne alikuwa mweupe pe, na macho yake yalibaki bluu hata wenzake walipobadilika.

Mtoto wa paka anazaliwa masikio yamejikunja, yamefunga kama macho yalivyofunga, kwa hiyo siku za mwanzo wote ni viziwi na huwezi kumshuku mmoja. Ni baadaye, wakishaanza kutambaa nje ya boksi, ndipo nilipoona. Mama yao alikuwa akiingia na ile sauti yake ya chini, ya kooni, watatu wanainua vichwa. Mweupe analala mpaka akanyagwe. Wakicheza, anang'ata kwa nguvu zote, mwenzake anapiga kelele za kufa, yeye haachii. Na akilia mwenyewe, analia kama mbuzi aliyefungwa juani, mpaka jirani anauliza mnachinja nini.

"Huyu ana kiburi," bibi alisema.

Neno hilo lilikuwa limeshapanga nyumbani kwetu kabla ya paka.

Binti yangu alikuwa anakaribia miaka minne. Alikuwa ananiita "mma", na kila kitu kingine alikiita kwa sauti zake mwenyewe, sauti kubwa, hata kanisani. Ukisema naye ana kwa ana anakukazia macho mdomoni kama anangoja kitu kitoke humo. Ukimwita kwa nyuma, mara anageuka, mara hageuki. Ni hiyo "mara anageuka" iliyotumaliza. Angekuwa hageuki kabisa tungejua mapema. Mama mkwe wangu alisema anachaguaga. "Ukimwitia kazi hasikii. Mwitie chakula uone."

Basi nikampeleka zahanati. Daktari alitukalisha kwenye benchi, mimi na mtoto, naye akakaa mwisho wa benchi hilo hilo akiuliza maswali. Kisha akainuka, akazunguka nyuma yetu, akapiga makofi mawili. Mtoto akageuka.

"Anasikia vizuri," akasema. "Ulimi mzito tu, utafunguka. Lakini ana kiburi huyu, naona machoni. Msimdekeze."

Nilirudi nimefurahi. Nani asingefurahi? Nilimwambia bibi, nikamwambia mume wangu, nikamwambia mwalimu wa chekechea. Mwalimu yule alikuwa dada mpole tu, mwimbaji wa kwaya, lakini neno la daktari lilimpa fimbo. Akiwaambia watoto wakae, wangu amesimama, anachapwa. Akiwaambia wasimame, wangu anachelewa mpaka awaone wenzake wamesimama, anachapwa. Nilianza kuona michirizi kwenye miguu. Nikaenda kuuliza.

"Dada, mbona umemwumiza hivi?"

"Mama, wewe mwenyewe umesema daktari alimpima. Anasikia, lakini hataki."

Ni kweli nilisema mimi.

Siku hizo hizo ndipo nilipomwambia bibi kwamba yule mweupe hasikii.

"Nani amekuambia? Njoo." Bibi alikwenda kwenye kinu. Paka wote wanne walikuwa wamelala kwenye jiwe, juani, pembeni ya udaga. Akainua mchi, akaushusha, dii! Wote wakaruka, na mweupe akaruka. "Umeona? Anasikiaga huyu. Anajifanyaga tu."

Akachukua ungo wa dagaa, akaukung'uta. Wakaja wote wanne mbio, mikia juu.

"Huyo anakuja kwa harufu, bibi."

"Eh! Kidato cha nne kimekufundisha kupima paka? Haya, ukimaliza kapime na kuku."

Wapangaji wakacheka, na mimi nikacheka. Aliruka, nilimwona kwa macho yangu. Mchi umepigwa, paka ameruka, unataka nini zaidi? Lakini kitu hakikunikaa sawa. Nilifua siku hiyo bila sabuni, nasugua nguo kwenye jiwe lile lile, na kila mara nilikuwa nageuza kichwa kumtazama.

Kisha mama yangu mzazi akatuma ujumbe kutoka kijijini kwetu, Bunda: kama kuna paka, nimpelekee upesi. Panya walikuwa wamevamia pamba.

Pamba ilikuwa ndani ya nyumba. Wasiolima pamba hawawezi kuelewa. Ushirika ulikuwa haujaja kuichukua, malori hayana matairi, lenye matairi halina mafuta, na mkulima hawezi kuiacha nje inyeshewe. Kwa hiyo watu walijaza pamba sebuleni, sebule ikijaa wanajaza chumbani, mpaka ukiingia nyumba ya mtu unapanda mlima mweupe na kukaribishwa huko juu. Mama yangu alikuwa analala juu ya pamba, anapikia nje, na wageni wake anawaambia, "Pandeni, pandeni, mjisikie matajiri." Panya walifuata mbegu.

Bibi akanipa yule mweupe, kwa sababu wenye mistari wote walikuwa wameshaahidiwa watu. Kwetu paka hapewi bure. Ukimchukua mikono mitupu hakamati, anakaa kama mgeni. Nikamwachia bibi kipande cha sabuni nilichokuwa nimekipangia mstari asubuhi nzima. Akakinusa. "Kwa sabuni hii atakamata mpaka mamba." Nikamfunika paka kikapuni asione njia, nikamchukua na mtoto wangu pia. Nilitaka miguu yake ipumzike na fimbo.

Hatukukaa sana huko kabla mama hajaanza.

"Huyu paka wako ni wa maonyesho. Panya anakwaruza nyuma yake, yeye anaota."

"Bibi amempima kwa kinu, mama. Aliruka."

"Basi labda anasikiaga vinu tu, panya hapana."

Alisema kwa mzaha, akatoka kwenda kutwanga. Kinu chake kilikuwa mlangoni kabisa, karibu kuliko kile cha Mukendo. Nikakaa ndani namtazama paka amelala juu ya pamba. Mchi ukaanza, dii, dii, dii. Paka hakutikisa hata ndevu.

Paka ni yule yule. Mchi ni mchi. Nilikaa pale nimekaza macho, kama mtu aliyeibiwa anayejaribu kukumbuka aliweka wapi. Masikio hayajabadilika. Kilichobadilika ni alipolala. Kule Mukendo alilala kwenye jiwe, na kinu kimekaa kwenye jiwe hilo hilo. Bibi hakumpigia paka kelele. Alimpiga tumbo kwa kupitia jiwe. Hapa pamba ilikuwa inameza yote.

Tangu hapo sikukaa. Mama alisema nimepagawa, na hakukosea sana. Kutwa nilikuwa namvizia paka. Nilipiga makofi nyuma yake akageuka, nikaangalia vizuri: nilikuwa karibu mno, upepo wa mikono ulitikisa manyoya ya masikio. Nikasogea mbali. Nikaita kutoka mlangoni, akageuka tena: kivuli changu kilikuwa kimempita. Nikaziba mwanga. Nikabamiza sufuria, akaruka: kuku alikuwa ameshtuka kwanza na kukimbia mbele yake, naye akamfuata kuku. Nikamfukuza kuku. Mara nyingine alikuja tu kwa kuwa mikono yangu ilinuka dagaa. Nikanawa kwa majivu. Yaani kila nilipodhani nimempima, kumbe nimepima kitu kingine, na kila nilichokiondoa, usikivu wake ukapungua. Na ukimkuta macho anaweza kukudanganya kutwa nzima, maana asiyesikia hana kazi nyingine ila kutazama. Lazima awe usingizini.

Mchana mmoja mambo yote yalikaa sawa. Paka amelala katikati ya pamba, amejiviringa. Mlango umefungwa. Hakuna kuku, hakuna upepo. Mimi niko chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa udongo, nachungulia kwenye tundu lililoachwa na ufito uliooza, mkononi nina mfuniko wa sufuria na kijiko cha chuma. Nikaugonga.

"Wewe! Kuna nini humo?" mama aliruka huko nje.

Paka alikuwa anapumua, tumbo linapanda na kushuka. Paka anayesikia, hata awe amelala fofofo, sikio linacheza. Nilishawaona ndugu zake, sikio linageuka lenyewe hata kichwa kikiwa kimelala. La huyu lilisimama tu kama jani la plastiki. Nikagonga tena, kwa nguvu, mpaka mfuniko ukabonyea. Hakuna.

Basi, nikajua. Na nitasema kweli, nilifurahi, furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia bibi.

Ndipo nikamwona binti yangu. Alikuwa amekaa juu ya pamba ile ile, hatua chache kutoka kwa paka, amenipa mgongo. Alikuwa anachomoa mbegu kwenye pamba na kuzipanga pajani. Alikuwa macho. Hakuwa amelala hata kidogo. Nilimsahau kwa sababu nilikuwa napima mmoja.

Nikaugonga mfuniko mara ya tatu, simtazami tena paka.

Akachomoa mbegu nyingine. Akaiweka pajani.

Nilibaki nimeshika kijiko. Kisha benchi la zahanati likanijia lote, kana kwamba nimelikalia. Ubao mrefu, miguu miwili, mmoja mfupi. Yule bwana alipoinuka mwisho wa benchi, upande wetu ulishuka, mtoto akajua kuna mtu ameondoka. Kichwa chake nilikuwa nimekinyoa asubuhi ile kwa heshima ya daktari, kwa hiyo upepo wa makofi ulimpiga kwenye kisogo kitupu. Na halafu kulikuwa na mimi. Niligeuza shingo, nikamwona anainua mikono, nikainua macho kumtazama. Mtoto wangu anaishi usoni kwangu. Nikitazama juu, anatazama nilikotazama. Mgonjwa aliambiwa jibu na mamaye, daktari akaandika anasikia.

Mama alipoingia kuuliza kelele za nini, sikusema. Nilimpa mfuniko, nikamwonyesha tundu. Aligonga mwenyewe. Alichungulia muda mrefu. Kisha akazunguka, akapanda pamba, akamketisha mjukuu wake mapajani, na mtoto akashtuka alipoguswa, kama anavyoshtuka siku zote.

"Kumchapa kuishe," mama alisema. "Leo. Mengine tutayajua mbele." Na paka akanirudishia. "Mimi hanifai. Wewe atakufaa."

Niliporudi Musoma, mume wangu akaja Jumamosi. Nilimweleza kabla hajavua viatu. Akanisikiliza, kisha akasimama mlangoni, mtoto amekaa chini anachezea vifuniko vya chupa, akamwita kwa sauti ile ya walimu, ya mstari wa asubuhi. Mtoto akageuka, akamkimbilia.

"Sasa?"

"Umeziba mlango. Umemtia giza kwenye vifuniko vyake."

"Mama mtoto, sasa unanipima na mimi?"

"Kaa kule nyuma ya pazia umwite."

Hakukaa. Alimbeba mtoto akatoka naye nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Unataka tuwe na mtoto kiziwi," akasema, pole pole.

"Tunaye. Ninachotaka ni rufaa."

Maana hapo ndipo palipokuwa na kufuli. Hospitali kubwa ya Mwanza, ambako nilisikia wanapima masikio kwa mashine, haimpokei mtu bila barua ya rufaa ya zahanati. Shule ya viziwi haimpokei mtoto bila neno la Mwanza. Na barua ya zahanati inaandikwa na mtu mmoja, yule yule aliyekwisha kusema anasikia. Bila yeye kubadilisha neno lake, binti yangu angebaki mkaidi, na mkaidi dawa yake inajulikana.

Nilikwenda. Akaangalia kadi: "Huyu nilishampima." Nikaenda tena. "Mama, kuna watoto wana degedege hapa, wewe unaniletea kiburi." Mara ya tatu nikamchukua paka. Watu wameniuliza sana kwa nini paka. Nilifikiri hivi: mtu ni mgumu kukubali alikosea kwa mtoto wa mtu, lakini kwa paka ana aibu gani? Nikimwonyesha makofi yanavyodanganya kwa paka, atafika mwenyewe kwa mtoto, taratibu, bila mimi kumtaja. Mpango mzuri kabisa. Sikujua kwamba ataanza kwa kupiga meza.

Baada ya mlinzi kututoa, nilikaa kwenye jiwe nje ya geti. Yule mama wa surua akatoka na vidonge vyake kwenye kipande cha gazeti. Akasimama mbele yangu.

"Huyu mtoto kweli hakugeuka," akasema.

"Uliona?"

"Nilikuwa namtazama yeye. Wewe ulitisha mno."

"Utasema ulivyoona, nikiandika?"

"Mimi kuandika sijui, dada."

"Dole gumba unalo?"

Akacheka mpaka mtoto mgongoni akatikisika. "Dole ninalo, tena safi, leo nimeosha vyombo kwa sabuni."

Mume wangu hakutaka. "Ukimshitaki, ukiugua utakwenda wapi?"

"Bunda kuna zahanati. Butiama kuna zahanati."

"Enzi hizi ni za ruksa. Wenzako wanafungua maduka, wewe unafungua kesi."

"Nifungulie kaunta basi, nikae nyuma yake nikiandika."

Akatikisa kichwa. Lakini karatasi aliniletea yeye, amezichana katikati ya daftari la shule ili zisiwe na kingo mbaya, na alinisahihishia herufi kubwa za kichwa cha habari. Maneno mengine nilimkataza kugusa. Nimeyaweka hapa kama nilivyoyapeleka, bila majina.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya,
Musoma.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MGANGA MSAIDIZI ALIYEMPIMA MTOTO WANGU VIBAYA NA KUNINYIMA RUFAA

Ndugu,

Mimi ni mama wa mtoto wa kike anayekaribia miaka minne, mkazi wa Mukendo. Mganga msaidizi wa zahanati yetu alimpima mtoto wangu masikio kwa kumpigia makofi mawili kisogoni akiwa amekaa kwenye benchi linalotikisika, mimi nikiwa kando yake, ananiona. Mtoto aligeuka kwa sababu ya benchi, upepo na macho yangu. Mganga alisema anasikia na kwamba ana kiburi. Kwa neno hilo mtoto amekuwa akichapwa chekechea. Alama bado zipo, anaweza kuvuliwa soksi ukaziona.

Nimempima mwenyewe akiwa amekaa kwenye pamba, amenipa mgongo, nami niko nyuma ya ukuta, nikigonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Hakugeuka. Mama yangu mzazi alirudia akapata hivyo hivyo. Sidai kwamba mimi ni mtaalamu. Nadai kwamba mtaalamu hakupima.

Nilikwenda kwake mara mbili kuomba apime tena, akakataa. Mara ya tatu nilikwenda na paka kiziwi ili nieleze kosa la makofi. Alipiga meza, akanicheka, akawaruhusu watu wanicheke. Nakiri kwamba nilipiga yowe ndani ya zahanati na kwamba niliamsha wagonjwa. Kwa hilo naomba radhi kwa wagonjwa, si kwake. Mama mmoja aliyekuwepo alimwona mtoto wangu wakati wa yowe hilo, naye ameweka dole gumba lake hapa chini kuthibitisha kwamba mtoto hakugeuka.

Siandiki ili afukuzwe kazi. Akifukuzwa tutabaki bila mtu wa kutuchoma sindano. Naomba haya: neno kiburi lifutwe kwenye kadi ya mtoto, maana si ugonjwa, mwalimu wa chekechea aandikiwe leo kwamba asimchape, na nipewe barua ya rufaa ya kwenda Mwanza. Kama ofisi yako haiamini maneno yangu, naomba mtoto apimwe hapa hapa na mtu yeyote, ila mimi nitolewe nje kwanza, asikalishwe kwenye benchi, na anayepima asimame mbali ambako mtoto hawezi kumwona.

Haya ya mwisho nayaongezea hapa ofisini kwako, maana barua nimeileta mwenyewe. Karani ameniambia majibu huchukua muda na nirudi nyumbani nikasubiri. Sitarudi. Nimekaa kwenye varanda ya ofisi yako, upande wa kivuli, nimebeba uji wa mtoto wa kututosha mpaka jioni, na kesho nitabeba mwingine. Ukitaka kumwita mtoto usiite. Njoo umguse bega, taratibu, kwa mbele.

Mimi, mama yake.